Kuchagua Bunduki ya Kwanza: Biashara ya Silaha na Msamiati Wake katika Katanga ya Karne ya 19

1.0 Utangulizi

Jina la Kinsevere hujulikana leo kwa sababu ya shaba. Mgodi wa mahali hapo, ulio yapata kilomita 30 kaskazini ya mji wa Lubumbashi, umekuwa mikononi mwa kampuni ya MMG tangu mwaka 2012. Hata hivyo shaba ya ukanda huu haikungoja makampuni ili itoke Katanga. Ilikwisha kuvuka bara, upande wa Bahari ya Hindi na upande wa Atlantiki, ikiwa imebebwa mabegani mwa wapagazi, kabla mji wa Lubumbashi haujaanzishwa mwaka 1910 na kabla Union Minière du Haut-Katanga haijaundwa mwaka 1906. Miongoni mwa vitu vilivyoletwa Katanga kwa kubadilishana na shaba hiyo, pamoja na pembe za ndovu na, kwa masikitiko, binadamu, bunduki ilishika nafasi ya pekee.

Makala haya yanachunguza swali moja ambalo laonekana dogo. Je, mtu wa Katanga wa karne ya 19 aliyetaka kujipatia bunduki yake ya kwanza alichagua silaha ya namna gani, aliinunua kwa nani, na alifuata hoja zipi katika uchaguzi huo? Swali hili lina uzito kwa sababu mbili. Kwanza, maandishi mengi ya wasafiri wa Kizungu yamemchora mnunuzi wa Kiafrika kama mtu aliyedanganywa, aliyetoa mali ya thamani akapewa chuma chakavu. Pili, ni jambo la kawaida kusikia ikisemwa kwamba bunduki na neno bunduki viliingia Katanga kwa mkono mmoja, yaani mkono wa wafanyabiashara wa pwani ya mashariki. Makala haya yanadai kuwa maelezo yote mawili yana upungufu: mnunuzi alikuwa na akili ya kuchagua, na historia ya neno haikufuata historia ya kitu.

2.0 Masoko Mawili

2.1 Njia ya mashariki

Bunduki za kwanza za Wayeke zilitoka mashariki. Kalasa, mfanyabiashara wa Usumbwa katika nchi ya Unyamwezi, alikuwa akifika Katanga kutafuta shaba. Mwanawe Ngelengwa, ambaye historia humfahamu zaidi kwa jina la Msiri, alihamia huko yapata mwaka 1856. Jina lenyewe la Wayeke hunasibishwa na chama cha wawindaji wa ndovu wa Usumbwa. Mapokeo ya Katanga husimulia kuwa Msiri alipata kibali mbele ya watawala wenyeji kwa sababu watu wake walikuwa na bunduki, na kwa silaha hizo aliwasaidia Wasanga dhidi ya mashambulizi ya Waluba. Yeye aliyekaribishwa kama mgeni mwenye msaada baadaye aligeuka kuwa mtawala, na Bunkeya ikawa makao makuu ya dola kubwa.

Chanzo cha silaha za njia hii kilikuwa Zanzibar. Sultani Said alifunga mikataba ya biashara na Marekani mwaka 1833, na Uingereza mwaka 1839, na Ufaransa mwaka 1844. Meli za Wamarekani zilileta kitambaa ambacho hata leo huitwa merekani, na pamoja nacho zilileta bunduki na baruti. Katika nusu ya pili ya karne mambo yalizidi. Majeshi ya Ulaya yalianza kuacha bunduki za kushindilia mdomoni na kuchukua zile za kujaziwa nyuma, hasa baada ya Waprusi kuonyesha nguvu ya silaha hizo vitani mwaka 1866. Waingereza walichukua Snider, kisha Martini-Henry. Wafaransa walichukua Chassepot, kisha Gras. Mamia ya maelfu ya bunduki zilizoachwa zilihitaji mnunuzi, na Afrika ikawa soko. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilipita katika eneo hilo kila mwaka.

Mtiririko huo ndio uliowapa nguvu watu kama Mirambo wa Unyamwezi na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip. Huyu wa pili aliacha tawasifu yake kwa Kiswahili, na ndani yake msomaji huona jinsi bunduki ilivyohesabiwa pamoja na watu na pembe kila msafara ulipopangwa. Hata lakabu yake imefasiriwa na baadhi ya watu kuwa ni mwigo wa mlio wa bunduki.

2.2 Njia ya magharibi

Hata hivyo, bunduki nyingi za Bunkeya hazikutoka Zanzibar. Zilitoka Benguela, kupitia Bie, katika nchi ambayo leo ni Angola. Njia ya kuvuka bara ilikuwa imekwisha kukanyagwa zamani: Pedro João Baptista na Amaro José, wafanyabiashara wawili Waafrika waliotumwa kutoka upande wa Angola, walipita katika nchi hizi wakafika Tete mwaka 1811. Baadaye misafara ya Waovimbundu ilifanya njia hiyo kuwa barabara kuu ya pembe, watumwa, nta na silaha.

Msiri aliitambua faida ya njia hii akaitia nguvu kwa ndoa. Maria da Fonseca, mwanamke wa asili ya Kireno na Kiafrika, alikuwa mmoja wa wake zake wakuu, na kwa njia ya jamaa yake, akiwemo mfanyabiashara Coimbra, Bunkeya iliunganishwa na wauzaji wa Bie. Hapo mtu huona kwamba ununuzi wa silaha haukuwa shughuli ya siku moja sokoni. Ulikuwa uhusiano wa ukoo, uliojengwa ili msafara usikose kurudi mwaka uliofuata.

Kuwapo kwa masoko mawili kulimpa mnunuzi uwezo wa kulinganisha. Mfano ulio wazi unatoka kwa jirani. Verney Lovett Cameron alipokaa katika nchi ya Waluba miaka ya 1874 na 1875, alimkuta Juma Merikani, mfanyabiashara kutoka mashariki, na papo hapo alikutana na José António Alves, mfanyabiashara kutoka Bie. Mtawala wa Waluba, Kasongo Kalombo, alikuwa na wageni wa bahari mbili mlangoni mwake. Mwenye wauzaji wawili hauziwi kama mwenye mmoja.

3.0 Aina za Bunduki kama Zilivyopangwa na Lugha

Kiswahili cha pwani, kama kilivyohifadhiwa katika kamusi za zamani, kuanzia ile ya Krapf iliyotoka mwaka 1882 hadi zile za Johnson na Sacleux zilizotoka mwaka 1939, kina msamiati mpana wa silaha. Msamiati huo haukubuniwa na wanakamusi. Uliundwa na watu walionunua, waliobeba, waliotengeneza na waliopiga bunduki. Kwa hiyo waweza kusomwa kama ushahidi wa kihistoria.

Bunduki zilipangwa kwanza kufuatana na namna ya kuwasha moto. Bunduki ya mrao ilikuwa ya utambi: mpigaji aliwasha kamba na kuisogeza kwenye baruti. Bunduki ya gumegume ilikuwa ya jiwe: jiwe gumu liligonga chuma, cheche zikaruka. Bunduki ya fataki ilikuwa ya kifuniko kidogo cha shaba chenye kemikali, kilicholipuka kilipogongwa. Bunduki ya viasi ilikuwa ile ya kisasa zaidi, iliyotumia kiasi, yaani risasi na baruti vilivyokwisha kufungwa pamoja kiwandani. Mpangilio huu wafuata hatua kwa hatua historia ya ufundi wa silaha duniani, nao wathibitisha kuwa wasemaji wa Kiswahili walitambua kila badiliko lilipotokea.

Kisha kulikuwa na majina ya viungo. Kasiba, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya unyasi au utete, ni bomba la chuma ambamo risasi hupita; wengine huliita mtutu. Mtambo ni chombo cha kufyatulia. Tako ni sehemu ya mti inayoegemezwa begani. Mdeki ni ufito wa kushindilia. Kila jina kati ya haya ni kama kifungu katika orodha ya mnunuzi, kwa maana kila kiungo kilikuwa na kasoro yake. Kasiba lenye ufa au lililoliwa na kutu liliweza kupasuka usoni mwa mpigaji. Mtambo uliolegea haukutoa cheche za kutosha. Tako lililooza liliweza kubadilishwa na seremala wa kijijini, kwa hiyo halikuwa sababu ya kukataa bunduki iliyo nzima katika sehemu nyingine. Mdeki uliopotea ulikuwa hasara ndogo. Mnunuzi mwenye busara alitofautisha kati ya kasoro iuayo na kasoro itengenezekayo.

Yafaa kutaja jambo moja la kisemantiki. Neno gumegume katika Kiswahili limekuja kuwa na maana ya mtu asiyefaa kitu. Mabadiliko haya ya maana hueleweka kwa urahisi: bunduki ya jiwe ilipozeeka, na hasa wakati wa mvua, ilikuwa ikigongwa bila kulia. Hata hivyo si haki kusoma dharau hiyo ya baadaye katika akili ya mnunuzi wa mwaka 1870. Kwake yeye gumegume ilikuwa chaguo lenye sababu, kama sehemu inayofuata inavyojaribu kuonyesha.

4.0 Hekima ya Kununua Silaha ya Kizamani

Bunduki iliyotawala biashara ya magharibi iliitwa lazarina. Ilikuwa bunduki ya jiwe, nyembamba, nyepesi, yenye kasiba refu. Jina lake lilitokana na fundi Mreno wa Braga, Lazarino, ambaye kazi yake ilikuwa na sifa njema. Lakini lazarina zilizofika Bie na Bunkeya aghalabu hazikutengenezwa Braga. Zilitengenezwa Liège, huko Ubelgiji, na kugongwa jina la fundi huyo ili zipate soko.

Wasafiri waliichukulia chapa hiyo ya uongo kama ushahidi wa ujinga wa wanunuzi. Ukweli ni kwamba yathibitisha kinyume chake. Hakuna mtengenezaji anayejisumbua kughushi chapa mahali ambapo hakuna anayeitazama. Viwanda vya Liège viliiga jina la Lazarino kwa sababu mnunuzi wa bara alilidai, alilitambua, na alikataa bunduki isiyokuwa nalo. Alidanganywa kuhusu mahali pa asili, lakini hakudanganywa kuhusu umbo, urefu na uzito: hayo aliyaona kwa macho na kuyapima kwa mikono, na kiwanda kililazimika kuyafuata. Kwa maneno mengine, mwindaji wa Afrika ya kati, bila kutoka kijijini kwake, aliwaamuru mafundi wa Ulaya wafanye bunduki kwa mtindo aliouzoea.

Swali linalofuata ni hili: kwa nini mnunuzi aliyeweza kusikia habari za bunduki za viasi aliendelea kununua gumegume? Jibu la kwanza ni bei na upatikanaji, na hilo halihitaji maelezo marefu. Jibu la pili ni la maana zaidi. Kila aina ya bunduki ilimfunga mwenyewe kwa muuzaji kwa kamba ya urefu tofauti. Mwenye bunduki ya viasi alihitaji viasi vya kipimo kilekile kutoka kiwandani. Vilipokwisha, silaha yake ilikuwa rungu la gharama. Mwenye bunduki ya fataki alihitaji fataki, kitu kidogo kisichoweza kufuliwa na mhunzi wa kijiji. Mwenye gumegume alihitaji jiwe gumu, ambalo liliweza kutafutwa, na risasi, ambayo iliweza kutengenezwa papo hapo. Kitu kimoja tu kilimlazimu kungoja msafara, nacho ni baruti.

Hapa shaba inarudi katika habari. Risasi, kwa asili ya neno lenyewe katika Kiarabu, ni madini ya risasi. Lakini Katanga madini hayo hayakuwa ya kawaida, ilhali shaba ilikuwa tele. Wahunzi walifua risasi za shaba, na penginepo za chuma, kutoka katika tanuri zilezile zilizotoa misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha. Mafundi wa Kiyeke walijulikana pia kwa ujuzi wa kuvuta nyaya za shaba. Kwa hiyo madini ya ukanda huu yalikuwa na kazi mbili katika biashara ya silaha: yalikuwa bei ya bunduki, na yalikuwa chakula chake. Mgr de Hemptinne alipoandika mwaka 1926 juu ya watu aliowaita walaji wa shaba, alikuwa akifikiria wahunzi na wachimbaji. Msemo huo ungeweza kuenezwa hadi kwenye bunduki zenyewe.

Ufundi wa kutengeneza ulikuwa sehemu ya hesabu pia. Wahunzi wa Wachokwe, majirani wa upande wa magharibi, walisifiwa kwa kuzifanya upya bunduki zilizoharibika, isipokuwa kasiba. Bunduki rahisi ilikuwa na maisha marefu kwa sababu fundi wa karibu aliielewa. Mnunuzi wa kwanza alikuwa akinunua pia ujuzi wa kuitunza, na ujuzi huo ulikuwapo kwa gumegume kuliko kwa silaha nyingine yoyote.

Haifai, hata hivyo, kudhani kuwa matumizi yote yalikuwa ya kivita. Bunduki iliua ndovu na kulinda mashamba. Ililia katika mazishi na katika mapokezi ya wakuu. Iliingia katika mahari na katika malipo ya fidia. Giacomo Macola, katika kitabu chake cha mwaka 2016 juu ya bunduki katika Afrika ya kati, ameonyesha kuwa jamii za eneo hili ziliipa bunduki maana zilizotofautiana: Wayeke waliifanya nguzo ya utawala, ilhali Wangoni wa upande wa kusini-mashariki waliidharau kwa muda mrefu kwa kuona kwamba ushujaa wa kweli ni wa mkuki wa mkononi. Kutonunua nako kulikuwa uchaguzi.

5.0 Bei Iliyofichika

Kusifu akili ya mnunuzi pasipo kutaja bei kamili ni kuandika nusu ya historia. Pembe za ndovu zilipatikana kwa kuwinda na kwa kutoza kodi. Shaba ilipatikana kwa jasho la wachimbaji na wahunzi ambao mara nyingi hawakupata faida yake. Na misafara ya Bie ilichukua watu. Wanawake, vijana na mateka wa vita waliondoka Katanga wakielekea magharibi ili bunduki na baruti ziingie. Bunduki zilizoingia zilitumika kukamata wengine, nao wakawa bei ya bunduki nyingine. Mzunguko huu ndio uliowafanya Wasanga, waliomkaribisha Msiri hapo mwanzo, kuchoka na kuasi kufikia mwaka 1891. Bunduki ilikuwa na mnunuzi mmoja na walipaji wengi.

Uasi huo uligusa mahali palipo dhaifu. Gumegume, kama ilivyoelezwa, ilimhitaji mwenyewe angoje kitu kimoja tu kutoka nje. Kitu hicho kilianza kuadimika kwa sababu tatu zilizokutana karibu wakati mmoja. Wasanga waliivuruga njia ya magharibi. Huko Bie kwenyewe, mwezi wa Aprili 1890, mfanyabiashara mzee António da Silva Porto, aliyeshindwa kupatanisha serikali ya Kireno na mtawala wa nchi, alijifunika bendera akawasha mapipa ya baruti. Mwaka huohuo jeshi la Wareno likaiteka Bie. Tena, tarehe 2 Julai 1890, mkutano wa mataifa huko Brussels ulitia sahihi mkataba uliopiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Bunduki za jiwe zisizo na mifuo ndani ya kasiba, pamoja na baruti ya kawaida, ziliachiwa mlango mdogo chini ya usimamizi wa serikali. Mkataba ulieleza nia ya kuzuia biashara ya watumwa. Matokeo yake mengine yalikuwa kwamba watawala wa kikoloni walibaki peke yao na silaha za viasi.

Ndipo wageni walipofika Bunkeya mmoja baada ya mwingine. Frederick Stanley Arnot, mmisionari, alikuwa amewasili mwaka 1886. Alfred Sharpe alikuja kwa niaba ya Waingereza mwaka 1890 akaondoka bila sahihi ya Msiri. Paul Le Marinel alifika mwezi wa Aprili 1891, na Alexandre Delcommune baadaye mwaka huohuo, wote kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo. Mwishowe, tarehe 14 Desemba 1891, uliingia msafara wa William Grant Stairs, uliotoka pwani ya mashariki na watu wengi waliokusanywa Zanzibar na mrima wake. Tarehe 20 Desemba, Kapteni Omer Bodson alimwendea Msiri, wakagombana, naye akampiga risasi kwa bastola. Bodson mwenyewe alipigwa hapohapo na mtu wa Msiri akafa.

Tukio hilo lina maana kwa historia ya silaha fupi katika nchi hii. Bastola haikuwa bidhaa ya maana katika biashara ya bara, na sababu yake ni ya wazi: haiwezi kumwangusha ndovu, haimfikii adui aliye mbali, na katika ngome haitishi kama safu ya bunduki ndefu. Mtu wa Bunkeya aliyekuwa akifikiria silaha yake ya kwanza hakuwa na haja nayo. Ilikuwa silaha ya ofisa, inayovaliwa kiunoni, iliyokusudiwa kummaliza binadamu aliye hatua chache tu. Mtawala aliyetumia zaidi ya miaka 30 kukusanya bunduki ndefu aliuawa kwa silaha ambayo soko lake halikuijali. Tangu hapo bastola katika Katanga imebaki na harufu ya serikali.

6.0 Neno na Kitu

Yabaki fumbo la kiisimu. Ikiwa sehemu kubwa ya bunduki za Katanga zilitoka Angola, kwa nini msamiati wa silaha katika Kiswahili cha Katanga ni wa mashariki? Bunduki ni neno lenye asili ya Kiarabu, bunduq, lililohusu kokwa na baadaye kidonge kinachorushwa. Baruti ni barud. Hakuna katika msamiati wa msingi neno la Kireno lililofuatana na lazarina.

Maelezo mepesi ni kusema kuwa Wayeke walikuja na neno kutoka Unyamwezi, na kwamba jina la bunduki ya kwanza lilidumu hata bunduki zilizofuata zilipotoka kwingine. Maelezo haya yana mantiki, kwani jina la kitu kipya huwekwa na yule anayekileta mara ya kwanza. Lakini hayatoshi. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, ameonyesha kuwa Kiswahili cha Katanga hakikurithiwa moja kwa moja kutoka Bunkeya. Kwa kiasi kikubwa kilienezwa na utawala, jeshi, misheni na makambi ya wafanyakazi katika miongo ya kwanza ya karne ya 20.

Umbo la maneno lasaidia kupima hoja hizi. Katika Kiswahili sanifu, risasi ni nomino ya ngeli ya I-/ZI- isiyobadilika. Katika Kiswahili cha Kongo husikika masasi kwa wingi, na katika Kilingala umoja ni lisasi na wingi ni masasi. Ni dhahiri kuwa wasemaji waliichukua silabi ya mwanzo ya risasi, ambayo katika Kiarabu ni sehemu ya mzizi, wakaifanya kiambishi cha ngeli ya tano, kisha wakaunda wingi wake kwa ma-. Vivyo hivyo, mondoki ya Kilingala yaonekana kuwa bunduki iliyobadilishiwa kichwa. Kwa kuwa maumbo ya namna hii yanakutikana katika lugha ya mto Kongo na katika Kiswahili cha mashariki ya nchi, ni rahisi zaidi kuyahusisha na jeshi la kikoloni, la Force Publique, ambalo lilikusanya watu wa pande zote na lililokuwa na askari wa Kizanzibari miongoni mwa watu wake wa mwanzo, kuliko kuyahusisha na misafara ya Msiri.

Lugha za wenyeji zilikuwa na njia yao wenyewe. Katika Kiluba, buta, jina la upinde, lilienezwa hadi likamaanisha bunduki pia. Neno hilo ni ndugu wa uta katika Kiswahili. Katika Kibemba bunduki ni imfuti. Waluba, kwa hiyo, hawakukopa jina. Walimpa mgeni kiti cha mzee aliyemtangulia. Uamuzi huo wa kiisimu wadokeza kuwa walitazama kazi ya kitu kabla ya asili yake: upinde na bunduki vyote viwili hurusha kifo kwa mbali.

Badiliko jingine lilikuwa la namna ya kununua. Chini ya utawala wa Kibelgiji, mwananchi hakukaribishwa tena kulinganisha wauzaji wawili. Aliyeruhusiwa aliweza kupata bunduki ya fataki ya kushindilia, iliyoitwa kwa Kifaransa fusil à piston, kwa kibali na kwa kodi, huku silaha za viasi zikibaki kwa jeshi na kwa Wazungu. Ukaguzi wa kasiba na mtambo ulitanguliwa na ukaguzi wa mtu mwenyewe: ni nani, anakaa wapi, mwenendo wake ukoje. Msingi huo wa kibali uliendelea baada ya uhuru, na ulipewa umbo jipya na sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya silaha na risasi. Mkataba wa nchi za Afrika ya kati uliopitishwa Kinshasa mwaka 2010, na ulioanza kutumika mwaka 2017, waendeleza wazo hilohilo katika ngazi ya kanda. Kuna tofauti moja isiyopaswa kusahauliwa. Mkataba wa Brussels uliwanyima Waafrika silaha ili wengine wabaki nazo. Mkataba wa Kinshasa uliandikwa na Waafrika baada ya kuzika watu wengi mno.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, mnunuzi wa bunduki katika Katanga ya karne ya 19 alikuwa na vigezo: alitazama umbo na chapa, alipima kasoro, alilinganisha mashariki na magharibi, na alichagua silaha ambayo mhunzi wake aliweza kuilisha na kuitibu. Uchaguzi wa gumegume haukuwa dalili ya ujinga. Pili, vigezo hivyo vyote havikuweza kuondoa utegemezi mmoja, ule wa baruti, na hapo ndipo dola ya Bunkeya ilipobanwa. Anayenunua chombo ambacho chakula chake kiko mkononi mwa mwingine amenunua pia bwana. Tatu, neno bunduki na wenzake yana historia yao, nayo haikufuata daima njia ya bidhaa.

Kazi iliyobaki ni ya uwanjani. Katika vijiji vilivyo kati ya Kinsevere na Bunkeya wapo wawindaji na wahunzi wanaojua majina ya viungo vya bunduki ya kushindilia katika Kisanga, Kilamba na Kiyeke, na wanaojua namna ya kusikiliza kasiba kabla ya kulinunua. Ulinganisho wa majina hayo na msamiati wa pwani ungeweza kutenganisha tabaka la Wayeke na tabaka la jeshi la kikoloni kwa uhakika kuliko hoja za maumbo pekee. Wanafunzi wa isimu na wa historia wangefanya vema kuigawana kazi hiyo mapema, kwa kuwa ujuzi wa namna hii huondoka na wazee wake, na mgodi unapopanuka vijiji huhama.